Mvuvi wa Baraka na ushanga mzito wa mto Boise

BOISE, Idaho (Marekani). Ni siku ya posho, saa mbili ya asubuhi. Theluji ya juzi bado imelala juu ya majani, na mvuke mweupe unatoka mdomoni kila mtu anapopumua. Chini ya daraja moja la katikati ya mji, baba mmoja Mkongomani amesimama ndani ya mto Boise, maji yanamfika magotini. Amevaa suruali ya mpira, makoti mawili na kofia ya sufu. Mkononi ana fimbo ndefu, nyembamba kama utete. Nyuma yake, kwenye mawe makavu, kijana wake wa miaka 15 amekaa na simu, mabega yamepanda mpaka masikioni kwa sababu ya baridi.

Ni mara ya kumi na mbili baba huyo anakuja kutafuta samaki katika mto huu. Mara kumi na moja za kwanza amerudi nyumbani mikono mitupu.

Wanaomjua wanacheka kidogo, kwa sababu yeye ni mtoto wa Baraka, kule Fizi, Kivu ya Kusini. Alizaliwa karibu na ziwa Tanganyika, na baba yake alikuwa mvuvi wa ndagala. Akiwa na miaka 12 alikuwa anatoka usiku na wakubwa kwenye mitumbwi. Kazi hiyo inajulikana na kila mtu wa pwani ile: usiku wa giza, taa zinawashwa juu ya maji, vidudu vidogo vinafuata mwanga, ndagala wanafuata vidudu, mikeke wanafuata ndagala. Mvuvi anangojea. Samaki wenyewe wanapanda juu, na wavu unawachukua. Mwezi ukiwaka sana, watu wanabaki nyumbani kushona nyavu, maana taa haina nguvu mbele ya mwezi.

Mwishoni mwa mwaka 1996, wakati vita ilipofika Uvira na Fizi, alikuwa na miaka 17. Familia ilivuka ziwa usiku mpaka upande wa Kigoma, Tanzania. Kutoka pale walipelekwa kambi ya Nyarugusu, mbali na ziwa. Alikaa kambini miaka 20. Alioa pale, akazaa pale, akamzika baba yake pale. Kwa miaka yote hiyo hakuvua hata samaki mmoja. Mwaka 2016 alipata nafasi ya kuhamia Marekani, akatua Boise, mji ambao umepokea Wakongomani wengi. Kuna makanisa ambapo watu wanaimba Kiswahili, na maduka ambapo unapata unga wa bugali, sombe na mawese.

Kuna jambo moja kuhusu Boise ambalo baba huyo anapenda kuwaambia wageni. Mji huu uko kwenye kimo cha mita 800 na kidogo juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 na kitu. Ni karibu kimo kimoja. Na kama vile Baraka na Uvira zina milima ya Mitumba mgongoni, Boise nayo ina milima kwa nyuma. «Mungu alinihamisha upande,» anasema, «lakini hakunipandisha wala kunishusha.»

Anafanya kazi ya usiku katika kiwanda. Asubuhi akishuka kwenye basi, anavuka daraja kwa miguu ili afike nyumbani. Ndipo, msimu wa mapukutiko uliopita, alipoanza kusimama na kumtazama mzee mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akivua pale chini. Mzee huyo alikuwa anatupa uzi juu ya mkondo, anaufuata kwa fimbo, anatupa tena. Kila baada ya muda, fimbo inapinda na samaki anatoka. Kwa siku nne baba huyo alimwangalia bila kusema. Siku ya tano alishuka, akaonyesha ndoano kwa kidole, na kwa Kiingereza chake kidogo akauliza anatumia chambo gani.

Mzee alicheka, akafungua kikopo. Ndani hamkuwa na mnyoo wala kipande cha nyama. Kulikuwa na vidudu vya manyoya na waya, vidogo kuliko punje ya mchele, kila kimoja na ushanga mmoja unaong'aa kichwani. Baba huyo alifikiri anachezewa. Kwetu, chambo ni kitu cha kuliwa. Ndoano iliyovikwa manyoya, utamdanganya nani nayo?

Samaki wa mto Boise anayetafutwa hapa ni trauti, samaki wa maji ya baridi mwenye madoa mwilini. Anakula vidudu vya majini. Vidudu hivyo, kabla ya kuota mabawa na kuruka, vinaishi muda mrefu chini ya maji, vimeshikamana na mawe. Katika hali hiyo wavuvi wanaviita nimfu. Geuza jiwe lolote la mto huu utaviona: vina miguu sita, mkia wa nyuzi mbili au tatu, rangi ya tope. Mkondo ukiving'oa, vinasafiri na maji, na trauti anavifungulia mdomo bila kuhangaika. Wakati wa baridi kali damu ya samaki inapoa, hana nguvu ya kupanda juu. Analala chini kabisa, nyuma ya mawe, anangoja chakula kimfikie puani.

Kwa hiyo nimfu ya kutengeneza lazima iwe nzito. Ile ambayo mzee alimwonyesha inatokana na kazi ya Mwingereza Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon huko Wiltshire, aliyeandika kitabu juu ya nimfu na trauti mwaka 1958. Sawyer hakutumia uzi wa kushonea. Alichukua nyuzi za unyoya wa mkia wa fezanti, ndege wa porini wa jamii ya kuku, akazifunga kwa waya mwembamba wa shaba nyekundu. Waya ulifanya kazi mbili: kufunga, na kuvuta chini. Ushanga wa kichwani uliongezwa na wavuvi wa baadaye, waliotaka kuzama haraka zaidi.

Mzee alimpa nimfu mbili, na wiki iliyofuata akamletea kile chuma cha kubana ambacho mafundi wetu wanakiita eto, kidogo, cha zamani, ambacho hakukitumia tena. Kikawekwa kwenye meza ya jikoni. Mama mwenye nyumba hakupenda. Aliuliza ni lini meza ya chakula imekuwa karakana.

Kazi yenyewe inaonekana rahisi mpaka ujaribu. Kwanza unaingiza ushanga kwenye ndoano, tundu dogo likielekea mbele, unausukuma mpaka kwenye jicho la ndoano. Unabana ndoano kwenye eto. Unazungusha waya mara kadhaa nyuma ya ushanga ili usitikisike, unashuka nao mpaka mwanzo wa mpindo. Pale unafunga nyuzi nne za unyoya, ncha zikitoka nje kidogo kama mkia. Kisha unasokota nyuzi pamoja na waya, ili waya uzilinde na meno ya samaki, na unazizungusha kwenda mbele: nyembamba nyuma, nene karibu na kichwa, kama mwili wa kidudu chenyewe. Unakunja nyuzi zilizobaki juu ya mgongo, unakaza waya, unakata. Ukivuta sana, unyoya unakatika. Ukilegeza, kila kitu kinafumuka kwenye maji.

Mikono ya baba huyo ilikumbuka. Mtu aliyeshona nyavu za ndagala akiwa mtoto haogopi fundo dogo. Ya kwanza ilifanana na mende aliyekanyagwa, lakini ya kumi mzee aliigeuza mkononi mara mbili, akatikisa kichwa kwa heshima.

Tatizo lilikuwa kusoma. Pakiti zote zimeandikwa Kiingereza, na pia kitabu cha sheria za uvuvi za Idaho, ambacho kinasema wapi unaweza kuvua, samaki wangapi, na nani anahitaji kibali. Ndivyo kijana alivyoitwa mezani. Alikuja shingo upande. Alizaliwa Nyarugusu, akafika Marekani na miaka saba, na kwa muda wa miaka miwili au mitatu alikuwa hasemi na baba yake zaidi ya «ndiyo, Papa» na «hapana, Papa». Baba anafanya kazi usiku na kulala mchana; kijana anasoma mchana na kujifungia chumbani usiku. Baba alikuwa akiita kutoka sebuleni na kungojea. Kama kijana hakuja, basi.

Jioni moja kijana alikuwa anasoma pakiti mbili za shanga. «Hii ni ya shaba ya manjano,» akasema. «Hii ingine ni tungsteni. Iko na bei sana.» Akatafuta neno kwenye simu, akanyamaza kidogo. «Papa, tungsteni ni wolframu. Wanaandika inatoka pia Kongo. Kivu.»

Kwa msomaji wa kwetu jambo hilo halihitaji maelezo mengi. Wolframu inachimbwa katika milima ya Kivu na Maniema, pamoja na koltan na kasiterite, na kila mtu anajua ni damu kiasi gani imemwagika kwa ajili ya mawe hayo. Hakuna anayeweza kusema ule ushanga ulitoka mlima gani wa dunia. Lakini baba huyo aliuweka kwenye kiganja na kuupima. Sentimeta moja ya ujazo ya tungsteni ina uzito wa gramu 19.3, ya risasi 11.3, ya shaba ya manjano karibu 8.5. Kitu kidogo kama mbegu ya mchicha, kinalala mkononi kama kitu kikubwa.

Akarudisha pakiti ya tungsteni kwenye karatasi yake. Akachukua ya shaba. «Hii itatosha,» akasema.

Haikutosha. Desemba yote na nusu ya Januari alirudi bila kitu. Alitupa juu ya mkondo kama mzee, akafuata uzi kwa fimbo kama mzee, alisimama pale pale aliposimama mzee. Mara nyingine mzee mwenyewe alikuwa mita ishirini juu yake, anatoa samaki. Bibi yake alianza kuuliza kwa upole ule unaochoma kuliko matusi: «Papa, huko unakoenda kuna samaki kweli, ao unaenda kuombea?»

Maji ya mto hayatembei kwa mwendo mmoja. Juu yanakimbia. Chini, karibu na mawe, yanasuguana na sakafu ya mto na kwenda polepole. Ndoano nyepesi inabaki kwenye maji yanayokimbia. Tena uzi wenyewe unavutwa na maji ya juu na kuiinua zaidi. Inapita juu ya kichwa cha samaki kwa mbio ambayo hakuna kidudu cha kweli kinatembea nayo. Mzee alikuwa amemweleza hivyo kwa mikono na kwa maneno. Usipolisikia jiwe, alisema, hauko mahali samaki alipo.

Lakini kulisikia jiwe maana yake ndoano itakwama kwenye mawe, na ikikwama unakata uzi, na ukikata umepoteza kazi ya dakika ishirini na ushanga wa bei.

Kijana ndiye aliyesema. Ilikuwa siku ya yenga usiku, wamekaa mezani, baba anafunga nimfu nyingine ya shaba ya manjano. Kijana alikuwa amemfuata mtoni mara mbili kwa sababu mama alimlazimisha, akakaa kwenye mawe na simu, na baba alidhani haoni kitu.

«Papa,» akasema, «unafunga nyepesi sababu unaogopa kuzipoteza.»

Baba alikasirika. Neno la kwanza lililomtoka halifai kuandikwa. La pili lilikuwa swali: wewe unajua nini juu ya kupoteza? Kijana angeweza kuondoka, kama kawaida. Hakuondoka. Alisema, «Sijui. Haujaniambia.»

Na ilikuwa kweli. Katika miaka 15 baba huyo hakuwahi kumwambia kijana wake juu ya mwaka 1996. Alidhani siku moja mtoto atakuja mwenyewe kuuliza, kama ndagala anavyokuja kwenye taa. Usiku ule, mikono ikiwa bado kwenye waya, alianza kwa wavu. Wavu mpya wa baba yake, uliokuwa umeanikwa kwenye mchanga wa Baraka siku walipokimbia. Walikuwa na nafasi ya kuubeba ao kumbeba bibi mzaa baba, ambaye hakuweza tena kutembea. Walimbeba bibi. Baba yake aligeuka kuutazama ule wavu mpaka giza likaufunika. Miaka yote ya Nyarugusu, mzee yule alikuwa akitaja bei ya wavu ule, hesabu ya macho yake, rangi ya vyelezo vyake. Hakuwahi kushona wavu mwingine, hata mdogo wa kumfundishia mtoto. Alisema hakuna haja, utapotea tu.

Wakanyamaza. Kisha kijana alifungua pakiti ya tungsteni, akaingiza ushanga kwenye ndoano, akaibana kwenye eto mbele ya baba yake.

Sasa ni siku ya posho na baridi ni kali. Kikopo kina nimfu nane, zote za tungsteni, nne zimefungwa na baba na nne na kijana. Za kijana ni mbaya, mkia umepinda, lakini zimekazwa. Ya kwanza inatupwa, inazama, inakwama. Uzi unakatwa. Ya pili inapita mara tatu ikigonga mawe, tik, tik, mpaka fimboni, kisha nayo inakwama. Ya tatu inabaki kwenye mti uliolala chini ya maji. Baba anageuka, anatazama kijana. Kijana hasemi kitu, ananyoosha kikopo.

Ya nne ni ya kijana, ile ya mkia uliopinda. Baba anaitupa juu zaidi, ili ipate muda wa kufika chini kabla ya kupita mbele ya jiwe kubwa. Ananyanyua fimbo ili uzi mwingi usiguse maji. Tik. Tik. Mwisho wa mkondo anafanya kile mzee alichomwonyesha, na ambacho Sawyer naye alikifundisha: anainua fimbo polepole, ili nimfu ipande kidogo kama kidudu kinachoanza safari ya kwenda juu kuota mabawa.

Uzi unasimama.

Hakuna kishindo. Uzi umesimama tu mahali ambapo ulipaswa kutembea. Baba angeweza kufikiri ni jiwe jingine, lakini mkono umekwisha kunyanyua, na jiwe linatikisa kichwa. Kijana amesimama. Simu iko chini kwenye theluji. «Papa! Usivute! Papa, polepole!» anapiga kelele kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo watu wa kwenye daraja wanageuka.

Ni trauti wa kama sentimeta 35, mgongo kijani, ubavu na mstari mwekundu. Mzee Mmarekani amekuja kutazama. Yeye huwarudisha samaki wake majini, lakini anajua sheria na anajua watu. Kitabu kilikuwa kimesomwa vizuri: sehemu ile inaruhusu, kibali cha baba kiko mfukoni, na cha kijana pia. Samaki alikwenda nyumbani.

Mama mwenye nyumba alimpika na nyanya na mawese, akamgawa vipande sita. Hakusema tena habari ya kuombea. Jioni walipiga simu Baraka kwa baba mdogo, ambaye bado anaishi karibu na ziwa. Alipoelezwa kwamba samaki alikamatwa kwa manyoya na ushanga bila chambo, alicheka mpaka akakohoa. Akasema samaki wa Marekani hawana akili. Kisha akauliza ushanga ule ni wa nini, na kijana, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika, akamweleza habari ya tungsteni. Baba mdogo akanyamaza kidogo, akasema, «Basi na huko Kivu imewafuata.»

Tangu siku ile si kila safari inaleta samaki. Mwishoni mwa majira ya baridi maji ya bwawa la Lucky Peak yanaweza kufunguliwa, mto unajaa, na mwenye akili anabaki ukingoni. Lakini eto bado iko kwenye meza ya jikoni, na mama amezoea kuisogeza pembeni wakati wa chakula. Wanafunga usiku wa yenga, ambao baba haendi kazini. Kwanza wanahesabu zilizopotea wiki hiyo, kisha wanafunga idadi ile ile. Wakati wa kufunga, baba anaeleza: Baraka, ziwa, njia ya usiku kwenda Kigoma, jina la kila mtu aliyekuwa ndani ya mtumbwi. Hangojei tena kuulizwa.

Wiki iliyopita walipoteza sita.